Saa Haimnyang'anyi Mchezaji Gofu Akili Yake

Tangu Machi 2025, mchezaji wa LPGA, mzunguko mkuu wa mashindano ya gofu ya wanawake, hana tena nafasi ya kujikongoja kundi lake likichelewa kisha waamuzi wakaanza kumpima kwa saa. Akizidisha muda wake kwa sekunde 1 hadi 5 anatozwa faini. Akizidisha kwa sekunde 6 hadi 15 anaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu, na zikifika 16 anaongezewa miwili. Miezi miwili kabla ya hapo, TGL, yale mashindano ya ukumbini yaliyoanzishwa na kampuni ya wachezaji nyota Tiger Woods na Rory McIlroy, yalikuwa yamefunguliwa na saa kubwa inayohesabu kurudi nyuma kutoka sekunde 40 mbele ya macho ya kila mtu. Mabishano yaliyofuata yamegawanya wapenzi wa mchezo huu katika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema gofu ni mchezo wa akili, na kumwekea mtu saa ni kumnyang'anya akili yenyewe: mwenda pole hajikwai. Kambi ya pili inashangilia, ikisema wachezaji wa siku hizi wanawaza mno, waache kuwaza, wapige mpira twende nyumbani.

Naona kambi zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zote zinapima fikra kwa kiasi, kama vile kuna kipimo cha mawazo kinachotosha, na ugomvi uliobaki ni wa kuongeza au kupunguza. Kinachomwangusha mchezaji aliyekwisha kuiva ni wazo linalofika akiwa ameshasimama juu ya mpira, wakati uamuzi ulipaswa kuwa umefungwa, tena wazo hilo likiwa linahusu mikono yake mwenyewe. Mtu anaweza kuwaza dakika nzima pembeni bila kudhurika, na anaweza kuharibu kazi yote kwa wazo la sekunde moja lililopiga hodi wakati mbaya. Ukilitazama jambo hivyo, saa hainyang'anyi chochote chenye thamani. Ila pia haitoshi kuwa dawa, na nitafika huko.

Tuanze na maumbile ya mchezo wenyewe. Katika soka au tenisi mpira unakuja kwako, na ujio wake ndio unaokuamuru. Huna muda wa kujiuliza kiwiko kiko wapi, kwa sababu mpira haungoji majibu. Katika gofu mpira umelala. Hausogei, haukutishi, haukuiti. Kila kitu lazima kianzishwe na wewe, kutoka kwenye utulivu kamili, na utulivu huo ndio pango ambamo mashaka huzaliana. Fanya hesabu ndogo. Raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi. Mkwaju mmoja, tangu fimbo inapoanza kurudi nyuma hadi inapougusa mpira, huchukua sekunde moja na kitu. Hata tukisema sekunde moja na nusu, mtu aliyemaliza kwa mikwaju 72 amecheza gofu kwa chini ya dakika mbili. Muda wote uliobaki ametembea, amengoja, amehesabu upepo, ameongea na kedi wake, yaani mbeba fimbo wake, na amekaa na nafsi yake. Hakuna mchezo mwingine ninaoujua unaompa mtu muda mrefu namna hii wa kujishuku.

Isitoshe, kuishusha fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua takribani robo ya sekunde. Muda huo ni karibu sawa na ule ambao ubongo unahitaji ili uone kosa na kutuma amri ya kulirekebisha. Maana yake ni kwamba fimbo ikishaanza kushuka, akili inayojisemesha kwa maneno haina tena kazi ya kufanya. Ikijaribu kuifanya, amri yake inafika mpira ukiwa umeshaondoka, au mbaya zaidi, inafika katikati na kuukata mwendo vipande viwili. Jaribu kutia sahihi yako polepole, kwa uangalifu, ukisimamia kila herufi. Utapata kitu kinachofanana na sahihi yako kama vile sahihi ya kughushi inavyofanana na ile halisi. Mkono unaijua sahihi, wewe huijui. Mkwaju wa mchezaji mzoefu ni sahihi ya namna hiyo.

Jambo hili limechunguzwa, na bahati nzuri sehemu kubwa ya uchunguzi ilifanyika kwa fimbo za gofu zenyewe. Mwaka 1992 mtafiti Rich Masters (jina halihusiani na mashindano ya Masters ya Augusta) aliwafundisha watu wasioujua mchezo kutia mpira shimoni. Kundi moja alilipa maelekezo ya kina ya ufundi. Jingine alilifanya lijifunze huku likitaja herufi ovyo ovyo, ili akili yenye maneno isipate nafasi ya kutunga kanuni. Alipowatia wote kwenye shinikizo, waliojaa kanuni ndio waliotetereka. Waliojifunza bila kujua wanachokijua waliendelea kuimarika. Maelezo yake ni kwamba mtu akibanwa, hurudi kwenye ghala la kanuni alizofundishwa na kuanza kuuendesha mwili kwa mkono badala ya kuuacha ujiendeshe. Aliye na ghala tupu hana pa kurudi, na umaskini huo unamwokoa.

Sian Beilock na wenzake waliendeleza njia hiyo, na utafiti wao wa mwaka 2004 ndio ninaotamani kila anayeilalamikia saa angeusoma. Waliwachukua wachezaji wazoefu na wanaoanza, wakawataka watie mpira shimoni mara wakisisitiziwa usahihi, mara wakisisitiziwa kasi. Wanaoanza waliharibikiwa walipoharakishwa, kama ambavyo yeyote angetarajia. Wazoefu walifanya vizuri zaidi walipoharakishwa. Walipopewa kazi nyingine ya kuwashughulisha akili, yaani kusikiliza sauti fulani huku wakipiga, walifanya vizuri kuliko walipoambiwa waangalie kwa makini ufundi wa mkwaju wao. Uangalifu uleule unaomsaidia mgeni unamwangusha mwenyeji. Kwa hiyo anayesema kwamba sekunde 40 zitashusha kiwango cha wachezaji bora duniani anawazungumzia watu bora duniani kwa kipimo cha wanafunzi.

Hapa naomba nimtaje McIlroy, kwa sababu kisa chake kinasimuliwa vibaya kuliko vyote. Juni 2024, katika US Open, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, iliyochezwa Pinehurst, alikuwa mbele kwa mikwaju miwili yakiwa yamebaki mashimo matano. Kisha akakosa mkwaju wa chini ya sentimita 80 kwenye shimo la 16, na mwingine wa kama sentimita 115 kwenye la 18, na Bryson DeChambeau akaondoka na kombe kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Kabla ya siku ile, msimu huo, McIlroy alikuwa amejaribu mara 496 kutokea umbali usiozidi futi tatu na kuingiza zote 496. Wachambuzi wengi wakatoa hukumu ya haraka: moyo mdogo. Aprili 2025 alipoyashinda Masters na kuwa mwanaume wa sita kukamilisha mataji makubwa yote manne, baada ya miaka karibu 11 bila taji kubwa, wachambuzi walewale wakageuza wimbo: moyo mkubwa.

Lakini tazama kilichotokea siku hiyo ya ushindi. Alianza kwa kupoteza mikwaju miwili kwenye shimo la kwanza. Kwenye la 13, akiwa na mkwaju mfupi ambao mtu wa kiwango chake huupiga akiwa amefumba jicho moja, alitumbukiza mpira mtoni. Kwenye la 18 alikuwa na mkwaju wa kama mita moja na nusu wa kumaliza kazi, akaukosa. Dakika chache baadaye, kwenye shimo lilelile, sasa likichezwa kama la ziada dhidi ya Justin Rose, aliuweka mpira wake karibu na bendera na kuutia shimoni bila kusita. Moyo haubadiliki ukubwa ndani ya dakika chache. Aliyekaa mbele ya runinga hana dirisha la kuchungulia kichwa cha mchezaji, nami simo ndani yake. Ninachodai ni kidogo tu: neno "moyo" halielezi chochote hapa, kwa kuwa linatumika kwa mtu yuleyule, siku ileile, kueleza kukosa na kueleza kupata. Maelezo yanayotoshea kila tokeo ni ushangiliaji uliovaa koti la uchambuzi.

Sasa hoja za upande wa pili, na nyingine zina uzito. Iliyo nzito kuliko zote ni Jack Nicklaus. Mshindi wa mataji makubwa 18, idadi ambayo hakuna aliyeifikia, alikuwa akicheza polepole kweli kweli. Mwaka 1962, huko Portland, aliongezewa mikwaju miwili ya adhabu kwa kuchelewesha mchezo, na mashindano yale akayashinda hata hivyo. Kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, alikuwa akiinama juu ya mpira hadi watazamaji wanaanza kutazamana. Kama muda juu ya mpira ni sumu, mbona hakufa? Jibu langu ni kwamba Nicklaus hakuwa akitafuta uamuzi pale alipoinama. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hakupiga mkwaju, hata wa mazoezini, bila kwanza kuuona kichwani ukiruka na kutua. Uamuzi ulikuwa umeshapita, alichokuwa akingoja ni mwili kuwa tayari. Joan Vickers, aliyetumia miaka mingi kupima macho ya wanamichezo, aligundua kwamba watiaji wazuri wa mpira shimoni hutuliza macho yao mahali pamoja kwa sekunde mbili hivi kabla na wakati wa kupiga, huku wengine macho yao yakihangaika kati ya mpira, fimbo na shimo. Kwa hiyo kuna kukawia kulikotulia na kuna kukawia kunakohangaika, na ukiwa mbali vyote vinaonekana sawa. Nakubali kwamba saa haiwezi kuvitofautisha. Itamwadhibu Nicklaus wa kesho pamoja na mwenye kigugumizi cha mikono. Hiyo ni gharama halisi, na anayeitetea saa asijifanye haioni.

Hoja nyingine ni kwamba saa yenyewe inaweza kugeuka kuwa jambo jipya la kuwaza. Mtu aliyekuwa akiwaza viganja sasa atawaza viganja na sekunde. Hii naiona ya kweli kiasi, hasa pale namba zinapoonyeshwa waziwazi zikishuka. Lakini uzoefu uliopo hautishi. Mwaka 2018, huko Austria, mzunguko wa Ulaya uliendesha mashindano mazima ambayo kila mkwaju ulikuwa na saa: sekunde 50 kwa wa kwanza kupiga katika kundi, 40 kwa wanaofuata, na adhabu ya mkwaju mmoja kwa atakayezidisha. Raundi zilifupika na adhabu zilikuwa chache mno. Mikko Korhonen wa Ufini alishinda kwa tofauti ya mikwaju sita, akiwa mikwaju 16 chini ya kiwango, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri. Besiboli ya Marekani nayo ilipomwekea mrushaji saa mwaka 2023 palikuwa na kilio cha namna hiyohiyo, na ndani ya msimu mmoja wachezaji wakawa wamezoea. Binadamu huzoea mdundo haraka kuliko anavyozoea kusitasita. Kedi huwa anajua hilo zamani.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwa washangiliaji wa saa: "acha kuwaza, piga tu." Inapendwa kwa sababu inasikika kama hekima ya mzee. Tatizo lake ni kwamba haitekelezeki. Mwaka 1998 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu watie mpira shimoni na wajihadhari wasiupitilize. Walipowabebesha wakati huohuo kazi ya kukumbuka tarakimu, watu wale waliupitiliza mpira zaidi. Akili iliyoamriwa isifanye jambo lazima ilishike jambo hilo mkononi ili ihakikishe hailifanyi, na ikichoka kidogo tu, mkono unafunguka. Kumwambia mchezaji asiwaze ni kumpa wazo jingine la kubeba. Nimewahi kujirekodi kwa simu nikipiga, nikatazama picha ile kwa mwendo wa taratibu, na kwa wiki kadhaa baadaye sikuweza kupiga bila kujiona. Hakuna aliyenisaidia kwa kuniambia nisijione. Nilichohitaji ni mahali pengine pa kuyaweka macho.

Wapo waliolielewa hilo mapema. Pia Nilsson na Lynn Marriott, makocha walioshirikiana na mchezaji bingwa Annika Sörenstam, waliigawa ardhi nyuma ya mpira kuwa sehemu mbili zenye mstari wa kufikirika kati yake: upande mmoja ni wa kuwaza, upande wa pili ni wa kucheza. Ukiwa nyuma ya mstari waza utakavyo: upepo, umbali, mteremko, hofu. Ukishauvuka, chochote cha kuwaza kikitokea unarudi nyuma uanze upya. Uzuri wake ni kwamba hakuna aliyekatazwa kuwaza. Fikra imepewa chumba chake. Gabriele Wulf naye ameonyesha tangu mwaka 1999 kwamba hata wanaoanza hupiga kwa usahihi zaidi wakielekeza mawazo kwenye mwendo wa fimbo kuliko kwenye mwendo wa mikono yao. Akili inahitaji kazi, na ipewe kazi iliyo nje ya mwili.

Lazima hapa niweke mpaka, maana waandishi tunaopenda habari za akili huwa tunaibebesha kila kitu. Ule ugonjwa wa mikono kushtuka ghafla kwenye mikwaju mifupi, ambao wachezaji wanauita yipsi, hautokani na kuwaza peke yake kila mara. Watafiti wa Mayo Clinic waliouchunguza waliona dalili kwamba kwa baadhi ya watu ni tatizo la mishipa ya fahamu, linalofanana na lile linalowapata waandishi na wapiga piano wanaorudia mwendo mmoja kwa miaka mingi. Mchezaji wa Ujerumani Bernhard Langer alipatwa nalo zaidi ya mara moja na kila mara akatoka, kwa kubadilisha namna ya kushika fimbo na baadaye kwa kutumia fimbo ndefu. Aliupa mwili mwendo ambao ulikuwa haujaharibika. Kumwambia mtu wa namna hii "tulia" ni kumtukana, na kumwekea saa peke yake hakumtibu.

Mfano unaonishawishi kuliko wote ni mchezaji Kevin Na. Mei 2012, katika mashindano ya Players, alikuwa akiongoza baada ya raundi tatu, na watu wachache wanaikumbuka nafasi ile. Wanachokumbuka ni kwamba alishindwa kuanza. Alitikisa fimbo, akarudi nyuma, akasogea, akatikisa tena, na mara nyingine alipitisha fimbo juu ya mpira makusudi ili ajilazimishe kuanza upya. Watazamaji walimzomea. Yeye mwenyewe alikiri kwamba ni tatizo na akaomba radhi. Kisha akaanza kazi ya kujipunguzia hatua, hadi siku hizi anajulikana kwa kuufuata mpira kabla haujaingia shimoni na kuudaka ukitumbukia. Kabla ya siku ile alikuwa na ushindi mmoja katika PGA, mzunguko mkuu wa wanaume wa Marekani. Baadaye aliongeza mingine minne. Sidai kwamba kasi ndiyo iliyomletea makombe, mambo mengi hubadilika ndani ya miaka kumi ya mtu. Lakini yeyote anayedai kwamba kumpunguzia mchezaji muda ni kumpunguzia uwezo aanze kwa kunieleza Na.

Yote haya yakikubalika, yapo ya kubadilishwa, na mengi hayako mikononi mwa waamuzi. Kocha anayemjaza mwanafunzi wake kanuni kumi na mbili anamwekea akiba ya mawazo ya kumvamia siku ya fainali. Ni afadhali kanuni moja, tena ihusu fimbo au mpira unakokwenda. Mazoezi nayo yafanane na mashindano. Beilock na Thomas Carr walionyesha mwaka 2001 kwamba watu waliojizoeza huku wakirekodiwa na kamera, yaani waliozoea kujihisi wanatazamwa, hawakutetereka walipowekwa kwenye shinikizo. Kumwaga mipira mia kwenye uwanja wa mazoezi bila shahidi wala matokeo kunamfundisha mtu kupiga, hakumfundishi kupiga akiwa anaogopa. Waandaaji wa mashindano, kwa upande wao, wangefanya vyema kutangaza muda wa wastani wa kila mchezaji badala ya kusubiri kundi lichelewe ndipo saa itolewe mfukoni. Mchezaji akijua anapimwa kila siku atajenga mdundo wake mazoezini. Akipimwa ghafla kwenye shimo la 15 atakuwa ameongezewa tu jambo la kuogopa.

Na saa isipelekwe kila mahali. Kanuni za gofu zilizoanza mwaka 2019 zinapendekeza kwa kila mchezaji, hata wa mwisho wa wiki, kupiga ndani ya sekunde 40 na mara nyingi kwa haraka zaidi, na klabu nyingi zimeipokea kwa furaha kwa sababu inafupisha foleni. Kwa aliyecheza miaka kumi ni sawa. Lakini kumbuka wale wageni katika utafiti wa 2004, walioharibikiwa walipoharakishwa. Anayejifunza bado hajawa na sahihi, anaunganisha herufi. Mwacheni kwenye uwanja wa mazoezi awaze viganja, magoti na mabega hadi achoke, bila mtu kumpigia makofi ya haraka nyuma yake.